Ini Lisilo na Nyaya

Kijiwe chenyewe ni ubao mmoja tu, umelazwa juu ya makreti mawili ya bia, kati ya mashine ya kahawa na ukuta wa duka la Mzee Mizizi, kwenye kichochoro cha nyuma ya soko la mitishamba la Daegu. Ukuta ule una joto mchana kutwa, maana kwa ndani mna mapipa yanayochemsha mizizi tangu alfajiri, na mwezi wa tisa wa Daegu hauhitaji kuongezewa joto na mtu. Zilikuwa zimebaki siku nne sikukuu ya mwezi mpevu ifike, maboksi ya mapea ya zawadi yamepangwa mpaka milangoni pa watu, pa kupita hakuna. Hapo ndipo alipokuja kuketi Tak Mansok, dereva wa basi mstaafu, saa nne asubuhi, akiwa na mambo mawili mazito moyoni na amejiapiza kutomwambia mtu hata moja. Mtu mwenye siri haendi kijiweni. Lakini aende wapi? Nyumbani kuna jokofu na simu, na vyote viwili alikuwa anavikimbia.

— Ini Jipya huyo! — Fyuzi alipaza sauti kabla Tak hajaweka makalio chini. — Haya, jana hospitali wamesemaje?

Fyuzi alikuwa fundi umeme miaka arobaini, na tangu astaafu umeme wake wote umehamia mdomoni. Ni yeye aliyembatiza Tak jina la Ini Jipya, miezi kumi na mmoja iliyopita, pale Yebin, binti wa pekee wa Tak, alipolala kitanda cha pili akakatwa zaidi ya nusu ya ini lake, akawekewa baba yake.

— Wamesema naendelea, — Tak alijibu.

Uongo huo. Daktari alikuwa ameangalia karatasi ya vipimo, akakunja uso, akasema ini limeanza kulalamika. "Baba, kuna kitu unakunywa nje ya dawa zetu? Mizizi, michemsho, chochote?" Tak akasema hakuna. Daktari akampa wiki mbili: vipimo visiposhuka, alazwe.

— Unaendelea kwenda wapi? — aliuliza Mama Utumbo, ambaye meza yake ya soseji za damu na maini ya kuchemsha iko hatua tatu kutoka ubaoni, hivyo hujadili huku anakata. — Mtu anayeendelea hana sura hiyo. Una sura ya mtu aliyeuziwa samaki wa jana.

— Dada, niache.

— Nikuache uende wapi? Kula kipande.

Akamnyooshea ini la nguruwe kwenye kijiti, la moto, limechovywa chumvi. Tak akatikisa kichwa. Tangu siku ile hajaweza kutia mdomoni ini la kiumbe chochote, na Mama Utumbo analijua hilo, na bado anampa kila siku.

Kabla hajapumua, mlango wa duka ukafunguka na mvuke ukatangulia, halafu Mzee Mizizi mwenyewe, miaka sabini na minne, mkubwa wa kijiwe. Mikononi alikuwa na mfuko wenye pakiti thelathini za mchemsho wake, bado za vuguvugu: konokono wa mtoni, mizizi aina saba, kunazi kavu, pea na asali.

— Za sikukuu hizi, Baba Yebin. Nimekuchemshia peke yako. Asubuhi moja, jioni moja. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Akautoa mfuko kwa mikono miwili. Sasa hapo ndipo penye kazi. Kichochoro kile mkubwa akikupa kitu kwa mikono miwili, unakipokea kwa mikono miwili, unakinywa mbele yake, unasema kitamu. Huna namna nyingine. Mtu anayekataa anahesabiwa hana wazazi. Tak akapokea. Mzee Mizizi akachomoa pakiti moja, akaikata kona kwa meno, akamwekea kiganjani, akakaa kumtazama.

— Kunywa.

— Nitakunywa, Kaka Mkubwa. Ngoja ipoe.

— Ikipoa haina maana.

Tak akaona hapa pana kuumbuka. Akatafuta neno lolote la kuwarushia, kama mtu anavyowarushia mbwa mfupa apate kupita. Na neno alilolipata, laiti angelimeza.

— Daktari kaniambia ini langu halina mishipa ya fahamu.

Kisu cha Mama Utumbo kikasimama hewani.

— Halina nini?

— Mishipa ya fahamu. Imekatwa.

— Loo! Na mwenyewe unakaa hapa unapunga upepo? — Fyuzi alisimama. — Yaani huna umeme!

— Kwani ini lina mishipa ya fahamu? — Mama Utumbo alimaka. — Wewe Baba Yebin, mimi nakata maini tangu mwaka wa Olimpiki ya Seoul. Kila siku ya Mungu. Sijawahi kuona hata uzi! Mishipa ya fahamu ipo kwenye jino.

— Ipo, Dada. Ni myembamba kuliko unywele. Inaingia pamoja na mishipa ya damu, inajipenyeza humo ndani mpaka kwenye seli zenyewe. Wewe ukishtuka, au ukikasirika, ile mishipa inaziambia seli: haya, toeni sukari mliyoweka akiba. Nazo zinaitoa.

— Bila ubishi?

— Bila ubishi.

— Zimelelewa hizo. Mwanangu nikimwambia atoe takataka tu, mpaka kesho.

— Sasa, — Tak aliendelea, na alishajua anajichimbia, — ukikata ini ukaliweka kwa mtu mwingine, unashona mishipa ya damu, unashona njia ya nyongo. Mishipa ya fahamu haishonwi. Inaachwa.

Fyuzi akashika kiuno. Alikuwa amekasirika kweli, hasira ya kazi.

— Inaachwa? Fundi gani huyo? Anaunganisha bomba la maji, anaunganisha bomba la gesi, umeme anaacha unaning'inia? Mimi ningefanya hivyo kwenye ghorofa moja tu ya mji huu, ningelala kituoni!

— Ni myembamba mno, bwana!

— Wembamba unaniambia mimi? Nimeunganisha simu za jengo la benki, nyaya elfu mbili, kila mmoja na rangi yake! Wangeniita!

— Wakuite wewe ukashone ini?

— Ukiona vyaelea, vimeundwa!

— Vimeundwa nini, Fyuzi? Hiyo imeingiaje hapa?

— Imeingia. We fikiria.

Tak akafikiria, akaona haikuingia. Kichwa kilianza kumgonga. Daktari alimweleza kwa dakika kumi na mbili, polepole, kwa kalamu na karatasi, na yeye alielewa nusu. Ile nusu ndiyo hii inayochezewa mpira.

— Ini linafanya kazi hivyo hivyo, — alisema. — Nipo hai au sipo? Habari linazipata kwa njia ya damu. Ukishtuka, mwili unamwaga kitu kwenye damu, damu inapeleka, ini linasikia.

— Posta! — Fyuzi alipiga paja. — Umetolewa kwenye simu umerudishwa posta! Ukikasirika leo, ini lako linapata barua Jumatatu!

Mama Utumbo akacheka mpaka akaweka kisu chini. Hata Mzee Mizizi akatabasamu, ila macho hayakutoka kwenye pakiti.

— Na hiyo mishipa haioti tena? — Mama Utumbo aliuliza.

— Huota kidogo kidogo. Daktari anasema kwa wengine huonekana imechipua. Imefika wapi, inafanya kazi kiasi gani, hata wao bado wanachunguza.

— Haba na haba hujaza kibaba, — alisema Mzee Mizizi. — Kunywa.

— Kaka Mkubwa, bado ya moto.

— Nyinyi mnahangaika na nyaya, — mzee alisema, na akajinyoosha mgongo, ishara kwamba sasa anazungumza mwenye kitabu. — Babu yangu aliniachia kitabu. Ini ni nyumba ya hasira, na ndipo roho ya mtu inapolala usiku. Roho hailali kwenye waya. Huyu amewekewa ini la binti yake, kwa hiyo usiku roho yake yeye inapiga hodi, inakuta kitanda kina mwenyewe. Inalala barazani! Ndiyo maana amekuwa mnyonge. Mtegemea cha nduguye hufa maskini.

Maneno yale yalimchoma Tak maini yote, jipya na lile lililokwisha kutupwa. Alitaka kusimama aondoke. Mzee hakuwa na ubaya, alikuwa ametoa tu methali ya kwanza iliyomjia.

— Kaka Mkubwa, hiyo ni methali ya mtu mvivu.

— Methali ni ya anayeisema. Kunywa.

— Subirini, subirini, — Fyuzi aliingilia, na macho yake yakapata ule mng'aro ambao kijiwe kizima kinauogopa. — Mzee kanifungua akili. Hizo seli za ini, nani kazilea? Yebin. Miaka ishirini na minane zimepokea amri za Yebin. Umezihamisha, umekata waya, hujaweka mwingine. Sasa zinafanyaje? Zinasikiliza kituo cha zamani! Bila waya, ni redio!

— Fyuzi.

— Nyumba niliyopanga mtaa wa Suseong, jirani akibonyeza rimoti yake, televisheni yangu inabadilika! Ukuta katikati! Na hiyo ni rimoti ya Kichina. Sembuse damu ya mtu?

— Fyuzi, Yebin yuko Ulsan. Anaendesha foklifti ya kunyanyulia mizigo. Ulsan na hapa ni zaidi ya saa nzima kwa basi.

— Redio haipandi basi! Toa daftari.

— Daftari gani?

— Usinizuge. La sukari.

Daftari la sukari lilikuwa mfukoni mwa shati, kama kawaida. Dawa za kuzuia mwili usilikatae ini huchezea sukari, kwa hiyo Tak hujichoma kidole asubuhi na jioni, huandika sukari, joto, uzito. Kwa mwandiko mzuri, wa mtu aliyejaza vitabu vya safari miaka thelathini na mmoja. Fyuzi alilichomoa kabla hajaruhusiwa, akalamba kidole, akapekua.

— Mia moja kumi na nane... mia moja ishirini... huyu ni mtawa... mia moja na tisa... Haa! Tarehe tisa Agosti, jioni. Mia mbili kumi na nne! Siku hiyo Yebin alikuwa na nini?

— Sijui, — alisema Tak.

Uongo wa pili huo, na bado hata saa tano haijafika.

Tarehe tisa Agosti Yebin alikuja bila taarifa, amebeba tikiti maji. Akafungua jokofu alitafutie nafasi, akakuta pakiti ishirini na tatu za Mzee Mizizi zimepangwa kama askari. Akasema, "Baba, si umekatazwa?" Tak angeweza kusema kweli: sijui kumkatalia mzee wa watu. Badala yake alipandisha sauti, maana baba akikamatwa na mtoto hana silaha nyingine. Yebin naye akapandisha. "Hilo ini nimekupa mimi, Baba, siyo la kuchezea!" Na Tak akasema, "Basi lichukue ini lako!" Yebin akavaa viatu, akatoka, mlango akauacha wazi. Leo siku ya arobaini, hajapiga simu. Sikukuu inakuja, na haijulikani kama atakuja kula au meza itakuwa ya mtu mmoja. Na kupiga yeye, baba mtu, aanze yeye? Kila asubuhi anashika simu, kila asubuhi anairudisha.

— Tarehe tisa Agosti, — Mama Utumbo alisema taratibu. — Si ndiyo ile siku joto lilimwua mbwa wa jirani yetu Bi Kwak? Nilimwona Yebin akipita hapa. Macho mekundu. Nikamwita aje ale soseji, hata hakugeuka. Mtoto yule hajawahi kupita mezani kwangu bila kula.

— Mnaona! — Fyuzi alirukaruka. — Mtoto analia hapa, sukari ya baba inapanda kule! Redio! Nimewaambia!

— Siyo redio! — Tak alifoka.

— Ni nini basi? Eleza!

Angeeleza. Ile mia mbili kumi na nne aliijua ilivyotoka. Baada ya mlango kuachwa wazi, alikunywa pakiti mbili kwa mpigo, za asali na pea na kunazi, kwa hasira tu, kumkomoa nani hata yeye hajui. Lakini mwenye asali yake amekaa pale, magoti yamegusana na yake, amemchemshia peke yake.

— Kanyamaza, — alisema Mama Utumbo. — Ini lake limenywea limekuwa punje ya soya.

— Lake au la Yebin? — aliuliza Fyuzi.

— Aka! Nyie watu mnanichosha! — Tak alisema.

— Tufanye majaribio, — Fyuzi hakujali. — Kifaa unacho. Tunapima sasa hivi. Halafu Yebin anapigiwa simu, anashtuliwa kidogo. Tunapima tena.

Na hapa, tusidanganyane, moyo wa Tak uliruka. Kwa siku arobaini alikuwa anatafuta sababu ya kupiga simu ambayo siyo yeye kupiga simu. Upuuzi wa Fyuzi ulikuwa sababu nzuri kuliko zote alizopata. Akatoa kifaa, akajichoma kidole bila hata kubishana. Mia moja thelathini na moja.

— Haya, — Fyuzi alisugua mikono. — Nani anapiga?

— Mwambie baba yake ameanguka, — alishauri Mama Utumbo.

— Ebo! Unataka mtoto agonge ukuta na foklifti?

— Basi mwambie ameshinda gari.

— Atadhani ni matapeli. Hata simu yangu hapokei, hanijui namba. Apige baba yake.

Wote wakamgeukia. Tak alikuwa ameshaishika simu. Kidole kilikuwa juu ya jina.

— Baba hapigi kwanza, — alisema Mzee Mizizi. — Mtoto ndiye anapiga. Wewe ukimpigia, kesho atakukalia kichwani. Mchelea mwana kulia hulia mwenyewe. Na hiyo pakiti sasa imepoa, Baba Yebin, imepoa kabisa, kunywa turudi kwenye mazungumzo.

Tak aliangalia pakiti mkono wa kushoto, simu mkono wa kulia. Kidole kikatoka kwenye jina.

— Mnaonaje mkinyamaza? — alisema. — Nyote. Dakika moja tu.

Hawakuweza. Fyuzi akasema majaribio bila kahawa hayaendi, na kwa kuwa ndiye mdogo wao akaenda kuchukua vikombe vinne. Akabonyeza. Mashine ikawasha taa nyekundu. Akabonyeza tena. Akaipiga ubavuni, kofi la kifundi. Nyekundu.

— Imekwisha! Siku nne kabla ya sikukuu imekwisha! Nchi gani hii?

— Siyo nchi, ni mimi nimechelewa. Niwieni radhi.

Aliyesema hivyo alikuwa mwanamke wa makamo, kofia ya kampuni kichwani, boksi begani, funguo shingoni. Mjazaji wa zamani wa mashine za njia hii amestaafu, alisema, yeye ndiyo wiki yake ya kwanza, na maboksi haya ya mapea yamemzibia kila kichochoro. Akafungua mlango wa mashine, akaanza kumimina unga wa maziwa. Kijiwe hakikumngoja.

— Mgeni njoo, mwenyeji apone! — Fyuzi alisema. — Mama, wewe utuamue. Huyu bwana amepewa ini la binti yake. Mishipa ya fahamu imekatwa. Sasa mimi nasema seli zinanasa habari za binti kama redio. Mzee hapa anasema roho inalala barazani. Dada yule anasema ini halina mishipa kabisa. Nani kashinda?

Yule mama akafunga unga, akafungua sukari. Alimimina taratibu, anaangalia mstari.

— Ini hilo nalijua kwa kusikia tu, — alisema. — Wanasema linakatwa kwa mtu mwenye afya, asiye na ugonjwa.

— Ndiyo hivyo.

— Na huyo binti, hali yake ikoje? Kidonda kimepona? Ini lake limekua tena?

Mama Utumbo akamtazama Tak. Fyuzi naye akamtazama Tak. Mzee Mizizi akamtazama Tak.

— Si... yuko kazini, — alisema Tak.

— Ah, sawa. Ila anaendeleaje?

Fyuzi, jamani, akafungua daftari. Alipekua kweli, kwa nia njema, kama vile jibu lingekuwemo. Miezi kumi na mmoja. Sukari, joto, uzito, sukari, joto, uzito, asubuhi na jioni, kurasa zilizojaa mwandiko mzuri. Hata pale mwanzo kabisa, siku ile wote wawili walipolala na mirija, palikuwa na joto la Tak. Jina la Yebin halikuwemo mahali popote. Fyuzi akafika ukurasa wa mwisho, akalirudisha daftari kwenye paja la mwenyewe bila neno, na Fyuzi bila neno ni jambo ambalo kichochoro hakijaliona.

Tak aliona aibu. Ilianzia masikioni ikashuka. Kila alipokwenda kliniki watu walimuuliza ini la kwako vipi, na yeye akajibu, na kila Yebin alipopiga, siku zile alipokuwa akipiga, aliuliza la kwako vipi, Baba, na yeye akajibu. Akaweka pakiti juu ya ubao. Akabonyeza jina.

Ililia mara mbili tu.

— Baba? Una homa? Imefika ngapi?

— Hakuna homa.

— Dawa umemeza?

— Nimemeza.

— Macho ya njano? Kuna nini, Baba, sema!

— Hakuna kitu. Kidonda chako. Kinaendeleaje?

Kule Ulsan foklifti ilikuwa inarudi nyuma, inapiga kengele yake. Ikanyamaza.

— Kinauma nikicheka, — Yebin alisema. — Kwa hiyo siku hizi hakinisumbui.

Tak alitoa kalamu. Chini ya mia moja thelathini na moja akaandika: *Yebin, kinauma akicheka.* Kijiwe kizima kilisoma kikiwa kimenyoosha shingo.

— Lile neno la siku ile, — alisema. — Kwamba ulichukue. Nilikosea, mwanangu.

— Na zile pakiti, Baba?

Huyo ndiye Yebin, haachi. Tak hakumgeukia Mzee Mizizi. Aliangalia mashine ya kahawa, akasema kwa sauti, kila mtu asikie, maana alijua akisema taratibu atarudi nyuma.

— Nilikuwa nazinywa. Jana vipimo vimepanda, daktari akaniuliza, nikamdanganya. Nampigia nikikata simu hii. Sinywi tena.

Mzee Mizizi akanyanyua ile pakiti iliyofunguliwa, akaitazama, akainywa mwenyewe mpaka mwisho. Halafu akavuta mfuko wa zilizobaki kwa mguu mpaka chini ya miguu yake.

— Sasa si ungesema tu! — alifoka. — Miezi yote hiyo nachemsha! Ungesema, ningekuua?

— Ni nani huyo anapiga kelele? — Yebin aliuliza.

— Mzee Mizizi. Wamekaa wote hapa. — Tak akapangusa uso kwa kiganja. — Wameniletea balaa. Fyuzi anasema ini lako halina nyaya, kwa hiyo linakunasa kama redio. Anataka mimi nikushtue huko, yeye anipime sukari huku.

Kule upande wa pili kukatoka mlio kama wa mtu aliyepaliwa.

— Anasema nimetolewa kwenye simu nimerudishwa posta. Na alikasirika, Yebin, kweli alikasirika, eti kwa nini hawakumwita yeye akaunganishe.

— Fyuzi? Akaunganishe... Aa! Aa, Baba, acha, acha! Kinauma!

Tak alinyamaza palepale. Akaibana simu sikioni kwa mikono miwili, akawanyamazisha wengine kwa macho, akasubiri. Nyuma yake taa ya mashine iligeuka kijani na hakuna aliyekwenda kubonyeza.

— Yamepita? — aliuliza.

— Yamepita. — Alikuwa anahema, anavuta kamasi. — Haya. Na Mama Utumbo alisemaje?